NANI ALIBEBA MZIGO?

Huko Marekani uko mchezo mmoja ambao wengi wetu hatujapata kuuona, nao wastahili kufikiriwa na kila mwanachama. Jioni, katika maktaba ya mji mdogo, viti hupangwa mbele ya makabati ya vitabu. Watoto huketi chini, wakubwa nyuma yao. Mlango hufunguka, akaingia mtu aliyevaa nguo za ngozi, gobori begani, kifuko cha shanga za buluu kiunoni. Pengine mtu huyo ni mwalimu, au karani, au fundi aliyestaafu, na nusu ya watazamaji wamjua. Lakini jioni hiyo halitaji jina lake. Husema yeye ni Meriwether Lewis, au William Clark, na kwamba ametoka katika safari ya miaka miwili na miezi minne. Hutoa dira yake, kalamu yake ya unyoya na ngozi za wanyama, watoto wakazishika. Huulizwa maswali, naye hujibu kana kwamba mwaka huu ni 1806.

Twasema mapema kwamba mchezo huo twaupenda, asije mtu akadhani twaandika kwa husuda. Wengi wetu katika gazeti hili tumepitia chuo cha ualimu, na tulipokuwa tukifundisha tuliona kwa macho yetu kwamba mtoto husahau tarehe aliyoandikiwa ubaoni, lakini hasahau uzito wa kitu alichokiinua kwa mikono yake mwenyewe. Maktaba inayofungua mlango wake jioni ili historia iingie na kusema imefanya kazi njema. Wala vitabu havipotezi kitu, maana mtoto akitoka hapo huuliza kitabu kiko wapi. Ikiwa jambo hili lawafaa watoto wa Missouri na Kentucky, litawafaa pia watoto wa Tabora, Bagamoyo, Kisumu na Mombasa.

Lakini kila mchezo una mwenye kusema na mwenye kunyamaza. Kwa hiyo tunalo swali moja, nalo ndilo tunaloliweka leo mbele ya wasomaji. Katika safari hiyo inayochezwa, nani alibeba mzigo? Na katika mchezo wenyewe, yuko wapi?

SAFARI YA MTO MISSOURI

Tuieleze kwanza safari yenyewe, maana hatupendi kuhukumu jambo tusilolisimulia. Mwaka 1803 Marekani ilinunua nchi ya Louisiana kutoka kwa Ufaransa ya Napoleon kwa dola milioni 15. Wenyeji waliozaliwa humo, waliowinda humo na kuzika wazee wao humo, hawakuuza kitu, wala hawakuulizwa. Rais Thomas Jefferson akatuma kikosi chini ya Lewis na Clark kwenda kuitazama nchi hiyo na kutafuta njia ya kufika bahari ya Pasifiki. Kikosi kiliondoka tarehe 14 Mei 1804 kikaupanda mto Missouri, kikafika pwani ya Pasifiki mwezi wa Novemba 1805, kikarudi St. Louis tarehe 23 Septemba 1806. Kwenda na kurudi ni maili kama 8,000. Katika muda wote huo mtu mmoja tu wa kikosi alikufa, Sajini Charles Floyd, kwa maradhi ya tumbo. Hiyo ni kazi ya watu hodari, na anayekana uhodari wao anajidanganya.

Wamarekani walikuwa na neno lao kwa nchi za namna hiyo. Waliziita nchi za mpakani, wakimaanisha pale mashamba yao yalipokoma. Lakini mtu aliyekaa ng'ambo ya mstari huo hakujua kuwa anakaa mpakani. Alijua yuko kwake. Lewis na Clark walipofika katika vijiji waliwapa machifu nishani zenye sura ya Jefferson upande mmoja na mikono inayoshikana upande wa pili, wakahutubu kwamba sasa wenyeji wanaye baba mpya. Fikiri, ndugu msomaji: mgeni aingia nyumbani mwako, akuomba chakula, kisha akupasha habari kwamba baba yako amebadilishwa.

MTUMWA ALIYETOA SHAURI

Katika kikosi hicho alikuwamo mtu mweusi mmoja, jina lake York. Alikuwa mtumwa wa Clark, aliyerithiwa pamoja na mali ya baba. Alipiga makasia na kuvuta mashua kama wenziwe. Alichukua bunduki akawinda, jambo ambalo nyumbani mtumwa hakuruhusiwa kwa urahisi. Floyd alipokuwa akifa, York alikuwa miongoni mwa waliomwuguza. Wenyeji wa vijiji vya Arikara walimstaajabia kuliko Wazungu wote, na watoto walimfuata nyuma popote alipokwenda.

Tarehe 24 Novemba 1805, kikosi kikiwa kimefika karibu na mdomo wa mto Columbia, kila mtu aliulizwa wakae wapi wakati wa baridi. York aliulizwa, na jibu lake likaandikwa pamoja na majibu ya wengine. Sacagawea, mwanamke mwenyeji aliyekuwa pamoja nao, naye alisema lake: wakae mahali penye viazi vya porini vya kutosha. Kwa siku moja, mbali na sheria za nchi yake, mtumwa alikuwa mtu mwenye shauri.

Kisha wakarudi. Askari wa kikosi walipewa mshahara maradufu, na kila askari wa kawaida akapewa ardhi eka 320. York hakupewa senti wala eka. Alikuwa na mke karibu na Louisville, na alitaka kuwa karibu naye. Akaomba uhuru, Clark akakataa. Tunalijua hili kwa mkono wa Clark mwenyewe, katika barua alizomwandikia kaka yake Jonathan, ambazo zilipatikana baadaye katika dari ya nyumba huko Louisville na kuchapishwa mwaka 2002. Humo Clark anaeleza alivyoudhika na York, alivyompiga, na alivyofikiri kumpeleka mbali au kumkodisha kwa bwana mkali ili anyenyekee. York alikaa utumwani miaka mingi baada ya safari kwisha. Mtu aliyevuka bara zima na kurudi hakuweza kuchagua kulala nyumba moja na mkewe.

Mwaka 2001 Rais Clinton alimpa York cheo cha heshima cha sajini. Mwaka 2003 sanamu yake iliwekwa Louisville, kazi ya mchongaji Ed Hamilton. Ni mambo mema, lakini cheo kilichokuja baada ya miaka karibu 200 hakimrudishii mtu mke wake.

Basi turudi maktabani. Mchezo ukichezwa na Clark peke yake, na Clark akiwa mchangamfu, mwenye kofia nzuri na hadithi za dubu, watoto watampenda. Nani atawaambia habari ya barua zile? Huko huko Marekani wako waliolitambua jambo hili. Mwigizaji Hasan Davis wa Kentucky amesimama katika maktaba na shule akiwa York, akaisimulia safari ile ile kwa kinywa cha yule ambaye hakuulizwa tena baada ya mwaka 1806. Mto ni ule ule, dubu ni wale wale, na mlima ni ule ule. Lakini mtoto aliyemsikiliza York hutoka mlangoni na swali ambalo mtoto aliyemsikiliza Clark peke yake hakutoka nalo. Hapo ndipo twaona faida ya mchezo huu.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Marekani methali hii iligeuzwa miguu juu. Sacagawea alikuwa Mshoshone aliyetekwa utotoni na watu wa kabila jingine. Alijifungua mtoto tarehe 11 Februari 1805, na wiki chache baadaye akaondoka na kikosi, mtoto mgongoni. Kikosi kilipohitaji farasi ili kuvuka milima, chifu wa Washoshone waliyekutana naye alikuwa Cameahwait, ndugu yake Sacagawea. Farasi wakapatikana. Mumewe, Charbonneau, alilipwa dola 500 na zaidi. Yeye mwenyewe hakulipwa kitu.

Baada ya milima, mwezi wa Septemba 1805, kikosi kilitoka upande wa pili kikiwa na njaa kali, kimekwisha kula baadhi ya farasi wake. Watu wa kabila la Nez Perce waliwapa samaki na mizizi, wakawasaidia katika kutengeneza mitumbwi, wakawatunzia farasi wao mpaka waliporudi mwaka 1806. Katika masimulizi ya Nez Perce husemwa kwamba vijana walitaka kuwaua wageni hao, lakini mwanamke mmoja, Watkuweis, aliyekuwa ametendewa wema na Wazungu zamani, akawaombea. Mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni. Na mwaka 1877 jeshi la Marekani liliwafukuza Nez Perce kutoka katika nchi yao, likawaandama kwa mamia ya maili mpaka Chifu Joseph alipojisalimisha karibu na mpaka wa Kanada, wakapelekwa uhamishoni.

Mwaka 2003 mpaka 2006 Wamarekani waliadhimisha miaka 200 ya safari hiyo. Waigizaji wa historia kutoka St. Charles, Missouri, walijenga mashua za mtindo wa kale wakaupanda mto kama zamani. Mwezi wa Septemba 2004 walipofika Chamberlain, South Dakota, walimkuta Alex White Plume na Walakota wengine wakiwangoja. Hawakuwa wamekuja kuwashangilia. Waliwaambia warudi nyumbani. Miaka 200 kabla yake, tarehe 25 Septemba 1804, mababu wa Walakota walikuwa wameizuia mashua ya Clark kwenye mto huo huo, wakidai mgeni asipite katika maji yao bila kutoa haki yao.

Waigizaji waliendelea na safari. Sisi hatusemi kwamba walikuwa watu waovu. Wengi walikuwa wapenzi wa historia, waliotoa likizo zao na fedha zao. Lakini walijifunza siku hiyo kwamba mchezo wa mtu mmoja waweza kuwa kidonda cha mwingine, na kwamba si haki kumwigiza mgeni aliyepita na kumwacha nje mwenye nchi.

Dawa yake ilipatikana katika sherehe hizo hizo. Gerard Baker, mwenyeji wa makabila ya Mandan na Hidatsa, ndiye aliyekuwa msimamizi wa njia hiyo ya kihistoria. Maonyesho aliyoyaongoza yalifuata njia ya Lewis na Clark mji hata mji, na ndani yake lilisimamishwa hema lililoitwa Hema la Sauti Nyingi. Humo wazee wa makabila walikaa mbele ya watu wakasema kwa vinywa vyao kilichotokea kabla ya Lewis na Clark, na kilichotokea baada yao. Wengine walisema kwa upole, wengine kwa hasira. Hema halikuanguka.

MERIKANI NA SHANGA

Yuko msomaji atakayeuliza: hayo yatuhusu nini sisi? Mto Missouri uko mbali.

Si mbali kama inavyodhaniwa. Bibi zetu walijua nguo iitwayo merikani. Jina hilo lilikuja na majora ya pamba kutoka viwanda vya Marekani, yaliyoletwa Unguja na majahazi makubwa ya Salem, Massachusetts. Merikani, pamoja na shanga na waya wa shaba, ndiyo iliyokuwa fedha ya safari katika bara letu. Shanga za buluu zilizomwishia Lewis huko Columbia ni ndugu wa shanga za samesame zilizobebwa kwenda Ujiji.

Hata mtu mwenyewe aliyetoka huko twamjua. Mwezi wa Oktoba 1867, pale Medicine Lodge katika Kansas, wenyeji wa mbuga walipotiwa katika mkataba uliowabana katika maeneo madogo, mmoja wa waandishi wa magazeti waliokuwapo alikuwa kijana aitwaye Henry Morton Stanley. Miaka minne baadaye, mwaka 1871, Stanley huyo huyo aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone kwa gharama ya gazeti la New York. Alikuwa na msafara wa watu karibu 190. Wazungu walikuwa watatu tu.

Hapa swali letu larudi kwa nguvu. Sote tulifundishwa shuleni majina ya Burton, Speke, Livingstone na Stanley. Tulifundishwa nani "aligundua" ziwa gani na katika mwaka gani. Njia ya kwenda Ujiji haikufyekwa na Burton. Wanyamwezi walikuwa wakiipita kushuka pwani na pembe za ndovu kabla Mzungu hajaisikia. Lakini nani kati yetu, tulipokuwa darasa la saba, aliweza kusimama akataja jina la mpagazi mmoja?

Majina yapo. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa Myao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akawa huru bwana wake alipokufa, akarudi Unguja. Alisafiri na Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, akasafiri tena na Speke na Grant mpaka Nile, akasafiri na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron, wakavuka bara lote kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola kati ya mwaka 1873 na 1875. Alikuwa kiongozi, mkalimani na msuluhishi, naye alipigwa. Speke mwenyewe aliandika katika kitabu chake jinsi alivyompiga makonde. Mwaka 1876 wanajiografia wa London walimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Alikufa mwaka 1885, na sisi tulisoma habari za mabwana wake wote kabla ya kulisikia jina lake.

Yupo Abdullah Susi, yupo James Chuma, yupo Jacob Wainwright. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwezi wa Mei 1873, watu hao na wenzao walishauriana wenyewe, bila Mzungu kuwaamuru. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili wake, wakaubeba kwa miguu zaidi ya maili 1,000 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wainwright alichonga maandishi kwenye mti na kuandika habari za safari kwa mkono wake. Walipofika pwani, wengi wa wabebaji walilipwa mishahara yao wakaachwa watawanyike. Mazishi yalipofanyika London tarehe 18 Aprili 1874, katika watu wote waliombeba alikuwapo Wainwright peke yake. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baada ya kaburi kufunikwa.

Hata London wamekwisha kuanza kulitambua deni hili. Mwaka 2009 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilifanya maonyesho juu ya watu kama Bombay, waliofichwa nyuma ya majina ya wavumbuzi. Je, tungoje mpaka historia ya wapagazi itoke London ndipo tuisome Tabora?

VITI VITATU

Sisi twasema hapana, na twasema la kufanya. Wilaya zenye maktaba zianze. Tunayo Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, na yako matawi mikoani. Wanachama wenye sauti, walimu, na vijana wa vikundi vya michezo ya kuigiza wamwendee mkutubi na kuomba jioni moja. Haihitaji fedha nyingi. Yahitaji viti vitatu na furushi moja.

Kiti cha kwanza ni cha mwenye kalamu. Aketi Burton, au Speke, au Stanley, na kitabu chake mkononi. Hatuogopi kumsikiliza. Aseme yote aliyoandika, mazuri na mabaya.

Kiti cha pili ni cha mwenye mzigo. Aketi Bombay, au Susi, au mwanamke aliyefuata msafara na chungu kichwani na mtoto mgongoni. Aeleze posho ilikuwa nini, nani alikimbia usiku na kwa sababu gani, na mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliachwa wapi.

Kiti cha tatu ni cha mwenye nchi. Aketi mzee wa Ugogo. Vitabu vya wasafiri vyamwita mnyang'anyi kwa sababu alitoza hongo. Naye aulize: visima katika nchi ile kavu alichimba nani? Watu mamia, kila mmoja na kiu yake, wakipita na kunywa maji ya kijiji wakati wa ukame, je, wapite bure? Mlakota wa Missouri mwaka 1804 na Mgogo wa njia ya Ujiji hawakujuana, lakini walisema neno moja.

Na hilo furushi? Liwekwe katikati. Mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Watengenezaji wa mchezo wajaze mchanga katika gunia, walipime kwa mizani, walifunge kwa kamba. Kila mtazamaji anayetaka kuuliza swali kwanza aliinue gunia hilo. Yule anayemwigiza Stanley alibebe begani na kuzunguka nalo maktaba yote mara moja. Kisha aendelee na hotuba yake, kama pumzi ingalipo.

Vitabu vya kutumia havikosekani, wala si vya Wazungu tu. Katika *Safari za Wasuaheli*, kilichochapishwa mwaka 1901, waungwana wa pwani wameeleza kwa Kiswahili safari zao wenyewe. Humo yumo Salim bin Abakari aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896. Naam, wakati Ulaya ikiandika jinsi ilivyotuvumbua, Mswahili alikuwa akitembea katika theluji ya Siberia na kuandika aliyoyaona kwa watu wa huko. Acheni mtoto amwone huyo akiingia maktabani na koti zito la baridi, kisha tumwulize tena mvumbuzi ni nani.

Twaongeza onyo moja, nalo ni kwa upande wetu wenyewe. Asije mtu akafanya mchezo huu kuwa wa malaika na mashetani. Misafara ile ilipora vyakula vya vijiji. Wako wapagazi waliokuwa watumwa wa waungwana weusi na Waarabu, mshahara wao ukaliwa na mabwana hao. Tippu Tip amesimulia maisha yake kwa Kiswahili kizuri, na ndani ya Kiswahili hicho kizuri mna vijiji vilivyopigwa na watu waliotekwa. Hayo nayo yaulizwe, na aliyekaa kitini asikimbie swali. Tukificha la kwetu, tutakuwa tumejifunza kwa Clark jinsi ya kuficha barua darini.

Wako ndugu watakaosema kwamba kazi ya chama ni mikutano na kadi, si michezo ya maktabani. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtoto aliyefundishwa kwamba babu yake alikuwa nyuma ya safari, hana jina, hana shauri, atakua akingoja mtu mwingine atangulie. Mtoto aliyemsikia Bombay akimjibu Stanley mbele ya watu, kwa lugha yake, na ambaye bega lake limeonja kilo 32, huyo hatahitaji sisi tumwambie yeye ni nani. Hakuna mkutano wa hadhara uwezao kumpa mtu jambo hilo akishakuwa mzima bila kulipata.

Wako pia watakaosema yamepita, tuyaache. Lakini hayakupita kwa kila mtu. Katika Tabora, Ujiji na Bagamoyo wako wajukuu na vitukuu wa wapagazi, na katika nyumba zao zimo habari ambazo hazijaingia katika kitabu chochote: jina la kirangozi, wimbo wa njiani, kovu la kamba begani mwa babu. Kila mwaka mmoja wa wazee hao azikwa na habari zake. Kabla ya kuvaa mavazi ya mchezo, vijana waende kwanza kwa wazee hao na daftari, wawaamkie, waketi, wasikilize. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya mchezo, ingawa haina watazamaji.

Basi ndugu wasomaji, tawi litakalotangulia kufanya jioni ya namna hii lituandikie, nasi tutaeleza habari zake katika ukurasa huu. Tuambieni nani aliketi katika viti vitatu, maswali gani yaliulizwa, na lililoshindwa kujibiwa. Msituandikie kwamba watu walipiga makofi. Tuandikieni watoto wangapi waliinua gunia, na walisema nini walipolitua.